Mtani Hasamehewi

Singida Mjini

Mwanangu Idrisa,

Shikamoo yako ya jioni niliiitikia kwa kichwa, si kwa mdomo, nawe uliona. Nilinyamaza kwa sababu ningefungua kinywa ningepandisha sauti, nami nimeamini maisha yangu yote kwamba mwenye hoja hana haja ya kelele. Kwa hiyo ninaandika. Kesho unapanda basi kwenda Kahama, na baada ya siku chache utakalia kiti cha afisa utumishi katika kampuni yenye wafanyakazi wengi kuliko watu wa mtaa wetu. Habari za nguo, chakula na sala hazimo humu. Unazozijua unazijua, na usizozijua utajifunza huko huko. Nina jambo moja tu, nalo ni Elia.

Nina hasira, mwanangu. Nalisema mapema ili usije ukaitafuta katikati ya mistari.

Jana tukila nilikuuliza kama unadhani Elia atalipeleka shauri lake kwenye tume ya usuluhishi. Ulijibu bila kuacha kumega ugali: "Hataenda, mama. Yule ni mtani wetu. Mnyiramba hamshitaki Mnyamwezi. Siku thelathini zitapita, na shauri litakuwa limekufa lenyewe." Kisha ukaniomba nikusogezee mlenda. Nilikusogezea.

Hebu lisikie jambo hili kama atakavyolisikia mgeni. Umemfukuza mtu kazini kwa sababu ya utani. Ulipokuwa unamfukuza, utani haukuwa kitu. Ulisema haumo katika kanuni. Sasa mtu huyo ana haki ya kukushitaki, na wewe unategemea kwamba hatakushitaki, kwa sababu gani? Kwa sababu ya utani. Umeufukuza mlangoni, kisha ukaufungulia dirisha usiku ili ukulindie nyumba. Nimeishi na wezi wa aina nyingi katika biashara hii ya alizeti, wenye kuloweka mbegu ili zizidi uzito na wenye kuchezea mizani, lakini wizi wa namna hii sikuwa nimeuona, na nimeuonea katika sahani ya nyumbani kwangu.

Turudi nyuma kidogo, kwa kuwa mengine uliyaona kwa macho ya mtoto.

Ulikuwa darasa la kwanza shirika la umma nililofanyia kazi lilipopunguza watu. Hakuna aliyetuita. Asubuhi moja tulikuta majina yamebandikwa kwenye mlango wa stoo, nasi tukajipanga kuyasoma kama wanafunzi wanaotafuta matokeo yao. Mimi nilikuwa karani mkuu wa maghala. Elia alikuwa fundi wa mashine. Sikuwa na miwani, nikamwomba anisomee. Alisoma kimya, kisha akageuka kwa watu wote akapaza sauti: "Jamani, njooni muone maajabu! Mnyamwezi kapewa safari bila mzigo!" Nikamwuliza, "Na wewe, mla mlenda?" Akajibu, "Mimi nimeandikwa juu yako. Hata kufukuzwa Wanyiramba tunatangulia." Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Nami nilicheka, na kwa kicheko kile niliweza kutembea mpaka nyumbani.

Siwezi kukueleza vizuri zaidi ya hapo utani ni nini. Ulinipa miguu siku ambayo sikuwa nayo.

Kilichoniumiza siku ile hakikuwa kupunguzwa. Nchi ilikuwa inabadilika, milango inafunguliwa, mashirika yanauzwa. Yeyote aliyekuwa ghalani alijua maghala yalikuwa matupu. Kilichoniumiza ni mlango wa stoo. Miaka yangu yote pale, na hapakuwa na mtu mmoja wa kuketi mbele yangu aseme, "Bibi Zena, sababu ni hii, una lipi la kusema?" Nilikuwa na la kusema. Ninalo mpaka leo.

Ndiyo maana sheria mpya ya kazi ilipokuja niliipokea kwa mikono miwili, mimi ambaye sasa ni mwajiri, wakati wenzangu wenye viwanda wakiilaani. Unakumbuka ile semina ya wakamuaji wa mafuta, mimi nikiwa mwenyekiti na wewe ukiwa umetoka chuoni juzi tu, umekaa safu ya mbele na kalamu yako. Mtaalamu alitueleza kwa utulivu kwamba mkataba uandikwe, kwamba mama mjamzito apewe likizo yake na akirudi akute kazi yake, na kwamba kumwachisha mtu kunahitaji sababu ya haki na utaratibu wa haki, na mwenye kuthibitisha vyote viwili ni mwajiri. Mzee mmoja mwenye mashine tatu akanyoosha mkono: "Mtaalamu, tuache hadithi. Mtu nikimchoka, namtoaje?" Ukumbi ukaangua kicheko. Mtaalamu naye akatabasamu: "Fuata utaratibu tu, mzee wangu. Ukifuata utaratibu, hakuna atakayekugusa." Nikaona kalamu zote zikiinama kwa pamoja.

Nilisimama. Nilisema: "Ndugu wakamuaji, sheria hii inatuuliza maswali mawili, nanyi mmeandika moja. Inauliza umemtoaje. Lakini kabla ya hapo inauliza umemtoa kwa nini. Atakayejibu umemtoaje akaruka umemtoa kwa nini amejenga paa bila ukuta." Wewe ndiye uliyepiga makofi kuliko wote. Nilikuona. Nilidhani unapiga makofi kwa sababu umeelewa.

Ukaja kiwandani kusubiri ajira yako, na kwa miezi kadhaa nilijivuna. Ulimwandikia kila mtu mkataba wake. Rehema wa kujaza madumu alipojifungua alipata likizo yake yote na malipo yake, na niliporudi kutoka kumpa hongera nilikuambia, "Hiki ndicho nilichokusomeshea." Ukaandika kanuni za kiwanda, ukanisomea sebuleni kifungu kwa kifungu, ukauliza, "Kuna la kuongeza, mama?" Nikasema hakuna. Hilo ni kosa langu, nami ninalibeba: halikunipitia akilini kwamba utani unahitaji kuandikwa. Nani huandika kwamba watu wataamkiana asubuhi?

Kisha ikaja siku ya wale wanunuzi wa Arusha. Magunia yalikuwa yanashushwa, Elia, fundi wetu tangu kiwanda kianze, yuko kwenye mizani na ovaroli lake lililolowa mafuta, na wewe ukapita na shati jeupe, ukilizunguka gunia lililokuwa limelala njiani. Elia hakuweza kujizuia. Mtani gani angeweza? "Wee mpagazi! Babu zako walibeba pembe mpaka pwani, wewe gunia moja la alizeti unalizunguka kama kaburi? Njoo nikutwishe!" Wapakizi walicheka. Wageni walicheka. Mmoja wao alimwuliza Elia kabila lake, wakaanza kutaniana wenyewe, na biashara ikaenda vizuri kuliko siku zote.

Wewe peke yako hukucheka. Nilikutazama nikingoja umjibu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unamjibu. Ulikuwa unamwambia akili za Wanyiramba zimeteleza pamoja na mlenda, naye anajiangusha chini kana kwamba umempiga risasi. Safari hii uliingia ofisini, na kesho yake Elia akapokea karatasi: lugha ya matusi, kumdhalilisha mwakilishi wa mwajiri mbele ya wateja.

Nakiri ulifuata utaratibu. Ulimpa muda wa kujiandaa, ukamruhusu aje na mwenzake wa kumsemea, naye akamchagua Rehema. Ukakalia kiti cha mwenyekiti, ukasoma mashitaka kwa sauti nzuri. Kisha ukamwuliza, "Una lolote la kujitetea?"

Elia akasema, "Ninalo. Naomba mwenyekiti asiketi. Wapagazi hupumzika wamesimama."

Rehema alijifunika uso kwa kanga, na kwanza nilidhani analia. Ukaandika maneno yale neno kwa neno, ukasema mshitakiwa ameongeza kosa mbele ya kikao. Rehema akasema, "Bosi, huu ni utani tu, tangu zamani." Ukamjibu, "Nionyeshe utani uko kifungu gani." Angeonyesha nini, binti wa watu, na kanuni uliziandika wewe?

Mimi nilikuwa nimeketi pembeni, nami nilijua. Nilikuwa katika semina ileile. Nilijua mtu aliyekosewa hawezi kuwa ndiye mwenyekiti wa kikao kinachomhukumu aliyemkosea. Ulikuwa mlalamikaji, shahidi na hakimu, vyote katika shati moja. Nilipokunong'oneza ukasema kiwanda ni kidogo, hakuna mwingine. Nikakuachia. Nilisema moyoni, mtoto anajifunza kazi. Nilimfanya Elia kuwa ubao wa mtoto wangu kujifunzia kuandika. Kwa hiyo usidhani hasira hii yote inakwenda upande mmoja.

Wala usidhani nakuambia kila kinachoitwa utani kivumiliwe. Kuna wanaume wanaowashika wasichana kiunoni wakasema ni utani. Mmoja alimfanyia hivyo Rehema alipokuwa mgeni, nikamtoa getini siku ileile, bila kikao wala barua, na laiti sheria hii ingekuwapo ningelazimika kumsikiliza hata yule; na ningemsikiliza, kisha ningemtoa. Utani una adabu yake: mtani ni yule unayeweza kumrudishia. Rehema hakuwa na la kumrudishia mtu yule isipokuwa kupoteza kazi. Wewe, je? Ni nini kilikuzuia kumrudishia Elia, isipokuwa lile shati?

Huko uendako watakuletea watu wa kuwatoa. Watakuja wakubwa wafunge mlango wakuambie, "Huyu tumemchoka, tutafutie njia." Nawe njia unazijua. Hilo ndilo linalonitisha. Mjinga akimwonea mtu, sheria humkamata, kwa kuwa hajui kufuta nyayo zake. Wewe nyayo zako ni nzuri kuliko za watu wema. Utaandika onyo la kwanza, la pili, utaita kikao, utauliza kama kuna la kujitetea, na anayejibu atakuwa anajibu ukuta uliochorwa sikio. Mlango wa stoo, Idrisa, angalau haukujifanya unatusikiliza.

Wiki iliyopita nilikwenda Ulemo, kijijini kwa Elia alikorudi baada ya kufukuzwa. Sikukuambia. Nilimkuta Elia uani akipeta mtama, na mkewe Naomi jikoni. Aliponiona akasimama: "Karibu, mpagazi mkubwa! Umeleta mzigo au umekuja kuutafuta?"

Nikamwambia, "Elia, rudi kazini. Nimekusamehe."

Ungo ukasimama mikononi mwake. Sijawahi kumwona Elia bila kicheko, na sikuujua uso ule.

"Mama Idrisa," alisema, "mtani hasamehewi. Anayesamehewa ni aliyekosa. Nikirudi kwa msamaha wako, kesho nikikuita mpagazi watu watasema Elia anajikomba. Nisipokuita watasema Elia amefugwa. Sasa nirudi nikafanye nini pale, nikageuze skrubu?"

"Basi nenda kwenye tume ukanishitaki. Una haki, na muda bado upo."

"Nikuburuze mtani wangu mbele ya watu tusiowajua?" Akatikisa kichwa. "Halafu siku nikifa, nani atakuja kunicheka?"

Naomi alinisindikiza mpaka kwenye gari. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mumewe huamka alfajiri, huvaa lile ovaroli, hufika mlangoni, hukumbuka, halafu hulivua. Hakusema zaidi. Wanawake wa Iramba hawamwagi maneno.

Nilirudi njia nzima nikiyapima maneno ya Elia. Huwezi kumsamehe. Huwezi kumlipa akanyamaza. Huwezi hata kumwomba radhi, kwa kuwa radhi nayo inasema kwamba palikuwa na ugomvi. Umemweka mahali ambapo wema wetu wote ni matusi. Kwa hiyo nimeacha kutafuta wema.

Mezani, karibu na chupa ya chai, nimeweka karatasi. Inasema uamuzi wa kikao kile umefutwa, kwa sababu aliyekalia kiti hakustahili kukikalia, na kwamba Elia hakuwahi kuachishwa kazi. Haisemi amesamehewa. Mimi nimeshatia sahihi. Nafasi yako ipo chini ya yangu, na kalamu ipo.

Jambo la pili. Nimezungumza na konda wa basi lako. Ndani ya buti kutakuwa na gunia la mashudu lenye jina la Elia, kwa ajili ya ng'ombe wake. Litashushwa penye njia ya kuingia Ulemo, na dereva amekubali kukuacha hapo nalo. Mizigo yako itatangulia, nawe utapanda basi la mchana. Kampuni inakutarajia Jumatatu, kwa hiyo usiniambie habari za kuchelewa.

Kama utashuka, utalitwika mwenyewe. Usikodi baiskeli. Usitafute kijana wa kukusaidia. Shati jeupe livae, tena lile lile. Ukifika uani kwake usianze na hotuba, wala usiombe radhi, utaharibu. Simama tu na gunia begani mpaka akuone. Atawatukana babu zako wote, wa Tabora na wa pwani, na Naomi atatoka jikoni, na majirani watakuja kutazama Mnyamwezi aliyefika na mzigo. Umjibu. Ukishindwa kumjibu, kumbuka mlenda. Karatasi mpe mwisho kabisa, kama kitu kidogo ulichokuwa umekisahau mfukoni.

Na kama hutashuka, nitajua kabla ya adhuhuri, kwa kuwa konda atanipigia simu. Gunia litabaki barabarani, na mimi siku inayofuata nitakwenda Ulemo kwa gari la kiwanda. Nitamwambia Elia kwamba utani umekatwa, kwamba waliokata ni sisi, na kwamba kwa hiyo yu huru kunishitaki kama anavyoweza kumshitaki mgeni yeyote. Nitampeleka mimi mwenyewe mpaka mlangoni mwa tume. Nitaketi upande wa mwajiri, na msuluhishi akiniuliza kama nina la kusema, nitasimama mbele ya watu tusiowajua na kuyasema yote niliyoyaandika hapa, na jina la mwenyekiti wa kikao nitalitaja kwa ukamilifu wake. Nimengoja tangu siku za mlango wa stoo mtu aniulize swali hilo. Sitalijibu kwa uongo kwa sababu ya mtoto niliyemzaa.

Sikutishi. Mtu anayetisha hutaka jambo lisitokee. Mimi niko tayari kwa lolote kati ya haya mawili.

Siku tuliyomzika baba yako, Elia alivaa kofia ya marehemu, akasimama mlangoni mwetu akipiga kelele, "Ramadhani, amka, watu wanamaliza pilau yako!" mpaka shangazi zako waliokuwa wamezimia kwa kilio wakacheka na kumrushia makubazi. Wakati wa kurudi kutoka makaburini ulikataa kutembea. Ulikaa chini barabarani, ukasema humwachi baba peke yake. Wajomba walikubembeleza, mimi nilikukaripia, na hukusogea. Elia akachuchumaa mbele yako, akakutwika mabegani, akaondoka akiimba kwa sauti ya kuwafukuza kunguru: "Dunia imepinduka! Leo Mnyiramba kambeba mpagazi!" Ulilia nusu ya njia, na nusu nyingine ukamvuta masikio kama hatamu.

Ni mwendo mrefu, makaburini mpaka kwetu, na kuna kile kilima. Gunia la mashudu si zito kiasi hicho. Wewe ulikuwa mzito zaidi, na hakukutua.

Mama yako,
Zena